Mtaala wa uandishi wa habari kwa wanafunzi wa sekondari: nianzie wapi?

Mwalimu Mlezi ameuliza:

Ndugu walimu na wanahabari, nawasalimu.

Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa somo la uandishi wa habari kwa wanafunzi wa sekondari wenye umri wa miaka 15 hadi 17. Nina wiki 32 za masomo, vipindi viwili kwa wiki vya dakika 40 kila kimoja, wanafunzi 24, na kompyuta sita zinazofanya kazi. Mimi ni mwalimu wa lugha na sijawahi kuajiriwa katika chumba cha habari. Nimelea gazeti la ukutani kwa miaka mitatu, ambalo, nikiri mapema, lilijaa mashairi, vichekesho na pongezi kwa timu za michezo kuliko habari.

Rasimu yangu ya kwanza inaanza na historia ya magazeti kwa wiki sita, inafuatiwa na aina za makala, kisha sarufi na mtindo, kisha maadili na sheria, kisha usanifu wa kurasa, na wiki sita za mwisho wanafunzi wanatoa gazeti moja kama kazi ya kuhitimisha mwaka. Mkuu wa shule ameisoma na kuipenda. Mimi mwenyewe kila nikiirudia napata wasiwasi, kwa kuwa naona wanafunzi wakisoma kuhusu habari kwa muda mrefu sana kabla hawajaitafuta hata moja.

Naomba msaada wenu katika mambo matatu: mpangilio wa mada, namna ya kutoa alama, na namna ya kujiandaa kwa siku ambayo uongozi utakataa habari fulani isichapishwe. Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi.

---

Mhariri Mstaafu amejibu:

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi. Nimekaa kwenye meza ya uhariri kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu nimesaidia klabu kadhaa za wanafunzi, na kosa ninalolikuta karibu kila mahali ni hilo la kuliweka gazeti mwishoni mwa mwaka kana kwamba ni zawadi ya kuhitimu. Gazeti linalotoka mara moja halimfunzi mwandishi, kwa sababu makosa yake yanajulikana siku ambayo darasa limeshafungwa. Wanafunzi wanahitaji toleo la kwanza lenye kasoro, lisomwe na watu wanaokutana nao kila siku, waulizwe maswali ya kuwaaibisha kidogo, kisha waingie kwenye la pili wakiwa na jambo la kurekebisha.

Ningezigawa wiki zako hivi: nane za mwanzo ziwe za msingi, na 24 zinazobaki ziwe za matoleo manne, kila toleo likichukua wiki sita. Katika kila mzunguko, wiki ya kwanza ni ya kikao cha mawazo ya habari, mbili zinazofuata ni za kutoka nje ya darasa na kuuliza watu, ya nne ni ya rasimu na uhariri, ya tano ni ya uhakiki na kupanga kurasa, na ya sita ni ya kuchapisha na kulichambua toleo mbele ya wote. Historia usiitupe, bali imege vipande na ukitoe kila kipande siku kinapohitajika. Siku mnapozungumzia shinikizo la muda, waonyeshe ukurasa wa mbele wa Chicago Daily Tribune wa Novemba 1948 uliotangaza kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani, ilhali mshindi alikuwa Truman. Waeleze na sababu: kulikuwa na mgomo wa wapanga chapa, gazeti likalazimika kwenda mtamboni saa kadhaa mapema kuliko kawaida, na wahariri wakabashiri badala ya kusubiri. Dakika kumi zinatosha kwa hilo, na mwanafunzi ambaye kesho yake anakabidhi habari yake mwenyewe atalielewa kuliko yule aliyelisoma katika wiki ya tatu ya historia.

Sasa hizo wiki nane za msingi ndizo ninazotaka kuzisemea zaidi, kwa sababu wengi huzitumia kufundisha kuandika, nami nadhani zitumike kufundisha kuuliza na kuhakiki. Kuandika mtafundishana katika uhariri wa kila toleo.

Zoezi langu la kwanza halina kalamu nyingi. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nikiisaidia, uongozi ulitangaza kwamba mabomba ya maji yamekarabatiwa. Niliwaambia wanafunzi waandike aya moja kuhusu jambo hilo ndani ya kipindi. Karibu wote waliandika kwamba mabomba yamekarabatiwa. Msichana mmoja alitoka, akafungua bomba moja baada ya jingine, akarudi na karatasi yenye mistari miwili: mabomba 12, yanayotoa maji 5. Hakuwa ameandika sentensi hata moja kamili, na bado yeye peke yake ndiye aliyekuwa na habari. Tulitumia vipindi viwili vilivyofuata kujadili karatasi ile. Je, tangazo lilikuwa la uongo, au fundi alikuwa bado hajamaliza? Ni nani wa kuulizwa? Je, alifungua mabomba saa ambayo maji hukatika kwa kawaida? Na tukiandika „yanayotoa maji ni matano”, tunasema ni saa ngapi na siku gani? Hayo maswali ya nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, ambayo kila kitabu huyaorodhesha, yalijitokeza yenyewe pale.

Zoezi la pili ni la mahojiano. Waache kwanza wahojiane vibaya. Mwanafunzi atamuuliza mkimbiaji aliyeshinda, „Je, ulifurahi?” naye atajibu, „Ndiyo, nilifurahi sana,” na mahojiano yatakuwa yamekwisha. Kisha mwambie aulize, „Ulipobakiza hatua za mwisho ulikuwa unasikia nini?” na anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu zaidi kwa vijana, maana ukimya wa sekunde tano huwafanya wajione wameshindwa, na hukimbilia kumjibia anayehojiwa.

Mwisho, kila jina liandikwe kwenye daftari kisha mwenye jina alisome na kulithibitisha herufi kwa herufi. Mwandishi aliyekosea jina la mtu hataaminiwa kwa lolote jingine alilosema kumhusu.

---

Kalamu Nyekundu amejibu:

Nakubaliana na mzee wangu hapo juu kwa mengi, ila nina pingamizi moja kuhusu hesabu. Matoleo manne kwa wanafunzi 24 wenye kompyuta sita ni mengi kwa mwaka wa kwanza wa somo. Nilijaribu manne, na toleo la tatu lilikuwa limeandikwa na watu watano waliochoka huku wengine 19 wakitazama. Nashauri matatu, na wiki sita utakazookoa uzigawe katikati ya matoleo kwa ajili ya kazi fupifupi za aya moja au mbili, ambazo kila mwanafunzi hutafuta, huandika na kuhakiki peke yake.

Lakini kilichonifanya nijibu ni jambo ambalo sisi walimu wa lugha huwa hatulioni kwa sababu tumelijenga wenyewe. Wanafunzi wetu wamefundishwa insha kwa miaka mingi, nao huileta insha yote kwenye habari. Ukimwambia mwanafunzi aandike kuhusu maktaba iliyofungwa, ataanza na wahenga, atamalizia aya ya kwanza kwa kueleza umuhimu wa elimu, ataelezea mandhari ya asubuhi hiyo, na maktaba utaikuta imefungwa katika aya ya nne. Katika insha angepata alama nzuri. Katika habari, msomaji ameshaondoka. Ndiyo maana umbo la piramidi iliyogeuzwa, yaani jambo zito juu kabisa na mengine yakifuata kwa kadiri ya uzito wake, si la kutajwa tu kama nadharia. Mimi huwapa mkasi. Wanaandika habari yao kwenye karatasi, kisha wanakata aya ya mwisho na kuitupa, wanasoma kilichobaki, wanakata tena, wanasoma tena. Habari iliyopangwa vizuri hubaki habari hata ikibakia aya mbili. Ile ya wahenga hubakia na wahenga.

Vita vyangu vya pili ni na maneno yanayoficha chanzo. Lugha yetu ina hazina kubwa ya kauli za aina hiyo: inasemekana, imeelezwa, imebainika, inadaiwa. Mwanafunzi huona kwamba zinaipa habari yake sauti ya gazeti la watu wazima, kumbe zinamwezesha kuandika jambo ambalo hakumuuliza mtu yeyote. Darasani kwangu neno „inasemekana” limepigwa marufuku hadi mwandishi ataje ni nani anayesema, na akishamtaja, neno lenyewe huwa halihitajiki tena. Fundisha pia uzito wa vitenzi vya kunukuu. „Alisema” halina upande. „Alidai” linamtilia shaka msemaji, „alikiri” linamfanya aonekane na hatia, „alifichua” linamaanisha kulikuwa na siri. Nilipokea habari moja iliyosema kwamba mpishi „alikiri kuwa jiko lina vyungu vitatu”. Tulicheka sana, lakini mwandishi wake hakuwahi kulikosea tena neno hilo.

Kuhusu alama, usipime makala peke yake. Ukipima makala peke yake utawazawadia wenye lugha ya kupendeza, na siku hizi utaizawadia programu ya akili unde iliyomwandikia. Mimi hutaka jalada la kila habari: maelezo ya daftarini kwa mwandiko wa mwanafunzi, orodha ya watu aliowauliza pamoja na saa na mahali, maswali aliyoandaa, rasimu ya kwanza, maoni ya mhariri mwenzake, na nakala ya mwisho. Alama 40 kati ya 100 ni za jalada, 30 za makala yenyewe, 20 za kazi ya kuhariri ya wenzake, na 10 ni za namna alivyolishughulikia kosa lake. Wengine huniuliza kwa nini kosa lipewe alama, nami huwasimulia lililotupata.

Katika toleo letu la pili tuliandika kwamba mfanyakazi mmoja wa shule amefukuzwa kazi. Ukweli ni kwamba alikuwa amehamishwa kwa ombi lake mwenyewe. Mwandishi alikuwa ameambiwa na wanafunzi watatu, akahesabu vyanzo vitatu, bila kujua kwamba wote watatu walikuwa wamelisikia kwa mtu mmoja. Mimi ndiye niliyepitisha ukurasa ule, kwa hiyo kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake. Tulichapisha sahihisho katika karatasi ya peke yake siku iliyofuata, likieleza tulichoandika, kilicho kweli, na kwamba tunaomba radhi, na mwandishi akaipeleka kwa mkono wake nyumbani kwa yule aliyeumizwa. Tangu hapo, katika mtaala wangu kuna kipindi kizima cha kuchora njia ya habari: nani aliona kwa macho, nani alisikia kwa aliyeona, nani alisikia kwa aliyesikia. Watu watatu waliosikia kwa mmoja huchorwa kama chanzo kimoja.

---

Msomaji wa Sheria amejibu:

Nitashughulikia swali la tatu peke yake, kwa sababu ndilo linalowakuta walimu wakiwa hawajajiandaa.

Ibara ya 13 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na ibara hiyohiyo inaruhusu sheria iweke mipaka, ikiwamo ile ya kulinda haki na heshima za wengine. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtoto. Wanafunzi wako wazisome zote mbili kwa pamoja, maana mara nyingi anayeandikwa katika gazeti la shule naye ni mtoto. Sheria za kashfa na za faragha hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo sehemu hiyo ya mtaala ijengwe kwa sheria za mahali mlipo.

Kwa mjadala wa darasani kuna visa viwili vya Marekani ambavyo vinafaa kuwekwa ubavuni mwa kimoja na kingine. Cha kwanza ni cha shule ya Hazelwood East, katika jimbo la Missouri. Mwaka 1983 mkuu wa shule aliziondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi zilizokuwa na habari kuhusu wasichana waliopata mimba na kuhusu talaka za wazazi. Wanafunzi walishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Januari 1988 mahakama ikaamua kwa kura tano dhidi ya tatu kwamba shule ilikuwa na mamlaka hayo juu ya gazeti lililokuwa sehemu ya somo. Wengi hukifundisha kisa hiki kama hadithi ya mkuu mkali na wanafunzi walioonewa. Mimi huwaomba vijana waangalie sababu alizozitoa: kwamba wasichana wale, ingawa majina yalibadilishwa, wangeweza kutambulika, na kwamba mzazi aliyelaumiwa katika habari ya talaka hakupewa nafasi ya kujieleza. Hizo ni hoja za kiuandishi. Mhariri makini angeweza kuziibua yeye mwenyewe na kuzitatua kabla ukurasa haujafika ofisini. Unaweza kuupinga uamuzi wa mahakama, kama ninavyoupinga, na bado ukatambua kwamba maswali yalikuwa ya haki.

Kisa cha pili ni cha shule ya sekondari ya Pittsburg, katika jimbo la Kansas, mwaka 2017. Waandishi wa gazeti la shule walianza kuandaa makala ya kawaida ya kumtambulisha mkuu mpya aliyekuwa ameajiriwa, na walipochunguza chuo alichosema kilimpa shahada zake za juu, majibu hayakulingana. Walichapisha walichokipata, na siku chache baadaye mkuu huyo alijiuzulu kabla hajaanza kazi. Kansas ilikuwa na sheria ya mwaka 1992 inayowalinda waandishi wanafunzi, na hilo lilisaidia. Ila kuna jambo dogo ninalolipenda zaidi: mwalimu mlezi wao alikuwa amekaa kwenye kamati iliyohusika na ajira hiyo, kwa hiyo alijitenga na habari ile na wanafunzi wakasaidiwa na mtaalamu kutoka nje. Mgongano wa maslahi hauwezi kufundishwa vizuri zaidi ya hivyo.

Kwako wewe, Mwalimu, ushauri wangu ni wa karatasi. Kabla toleo la kwanza halijapangwa, kaa na mkuu wako mwandike makubaliano ya ukurasa mmoja. Yaseme nani anaamua kinachochapishwa, nani anasoma kabla ya kuchapishwa na kwa muda gani, sababu zipi zinatosha kuzuia habari, na kwamba anayezuia ataandika sababu yake. Kipengele cha mwisho ndicho chenye nguvu. Mtu anaweza kuzuia habari kwa kusema tu „hii hapana” akiwa anapita kwenye ujia, lakini akilazimika kukaa na kuandika kwa nini, mara nyingi hugundua kwamba anachohitaji ni aya moja irekebishwe. Usingoje mgogoro ndipo uombe makubaliano hayo, kwa sababu siku ya mgogoro kila neno litaonekana ni mtego.

Na uwe tayari pia kwa zuio lililo halali. Kuna habari ambazo ni za kweli na bado hazifai kuchapishwa na watoto kuhusu watoto.

---

Mwalimu Mlezi amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimekaa na rasimu yangu jana jioni na karibu nusu yake nimeifuta. Nimechukua matoleo matatu badala ya manne, wiki nane za msingi zimebaki kuwa za kuuliza na kuhakiki, na historia imesambaa ndani ya mizunguko. Jalada la kila habari limeingia kwenye utaratibu wa alama, ingawa nimepandisha kazi ya uhariri hadi alama 25 na kupunguza makala hadi 25, kwa kuwa najua nina wanafunzi wasioandika kwa ufasaha lakini hakuna kosa linalowapita.

Limebaki moja. Wanafunzi 24 siwezi kuwafanya wote kuwa waandishi kwa wakati mmoja. Je, niwagawie vyeo vya kudumu, yaani mhariri mkuu, wapiga picha, wapanga kurasa, au wazunguke?

---

Mhariri Mstaafu amejibu:

Toleo la kwanza na la pili wazunguke wote, na pasiwe na mhariri mkuu hata kidogo. Maamuzi yafanywe na meza ya watu wanne wanaobadilika. Kwa toleo la tatu waache wachaguane, maana watakuwa wameshajua nani hutimiza ahadi na nani hupotea siku ya kukabidhi kazi. Wapiga picha nao waandike maelezo ya picha zao wenyewe, yenye majina kamili kutoka kushoto kwenda kulia, papo hapo kabla watu hawajatawanyika.

Na yule mwenye jicho la makosa uliyemtaja, mpe uhakiki wa majina na tarakimu katika matoleo yote matatu. Huyo asizunguke.

---

Kalamu Nyekundu amejibu:

Naunga mkono, isipokuwa hilo la mwisho. Azunguke naye walau mara moja, akatafute habari yake mwenyewe na kukosolewa na mwingine. Mhakiki ambaye hajawahi kusimama mlangoni kwa mtu asiyetaka kuhojiwa huwa mkali mahali pasipostahili.

---

Mwalimu Mlezi amejibu:

Nimelipokea. Kikao na mkuu wa shule kuhusu ule ukurasa mmoja wa makubaliano ni Jumatatu saa nne asubuhi, na nimeshaandika kipengele cha sababu za maandishi kikiwa cha kwanza badala ya cha mwisho, ili tukijadili wakati sote wawili bado hatujachoka.